Gisimenti Kuanzia Kumi Hadi Moja: Mambo ya Gasabo ya Kujua Kabla ya Mshikaki wa Pili

Watani wetu wa Nyamirambo wana neno lao: ati mtu wa Gisimenti ukimuuliza historia ya mtaa wake, anakutajia meza aliyokalia Jumamosi. Utani ni haki yao, na sisi tunaupokea kwa mikono miwili. Jibu letu ni orodha hii.

Gisimenti ni njia panda ya Remera, mashariki ya Kigali, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Kanombe. Nyuma yake imekaa wilaya ya Gasabo: kilomita za mraba zipatazo 429, sekta 15, na kwa sensa ya 2022 watu 879,505. Kigali nzima siku ile ilihesabiwa watu 1,745,555, kwa hiyo zaidi kidogo ya nusu ya jiji ni majirani zetu. Hoja yangu ni moja, na nitaisimamia mpaka namba ya mwisho: hakuna mahali pazuri pa kuisomea Gasabo kuliko njia panda hii, na aliyeisoma Gasabo ameishika Rwanda kwenye shina lake.

Tunahesabu kushuka. Agiza soda, kaa vizuri.

10. Herufi mbili zinazokuambia uko kwa nani

Jiji lilipoweka vibao vya namba barabarani, kila wilaya ilipewa herufi zake. KN ni Nyarugenge, KK ni Kicukiro, KG ni Gasabo. Ukiona kibao cha KG, iwe kwenye lami ya Kimihurura au kwenye vumbi la mlimani, uko nyumbani kwetu na unapaswa kusalimia.

Sasa mpe motari, dereva wa pikipiki ya abiria, namba hiyo. Atakutazama kwa upole, kofia ngumu mkononi, akisubiri uanze kusema. Mwambie "kwa Lando", "Giporoso", "Gishushu" au "Kontorole Tekiniki", na kabla hujamaliza pikipiki imeshaingia barabarani. Ramani ya kweli ya mji huu imo vinywani mwa watu, na kila alama yake ina mtu au kazi nyuma yake. Sonatubes, kule tunakopakana na Kicukiro, ni jina la kiwanda cha mabomba. Kontorole Tekiniki ni pale magari yanapokaguliwa. Na "kwa Lando" ni mtu aliyeishi, akapenda, akajenga. Tutamfikia kwenye namba 2, na tukifika tutavua kofia.

Kijembe: mgeni anayesema "nipo KG" bila kusema karibu na nini, huyo bado yuko njiani.

9. Mtaa ulioyaambia magari yapite kwingine

Baada ya janga la UVIKO-19, Jiji la Kigali liliufunga mtaa wa Gisimenti kwa magari nyakati za mwisho wa wiki. Meza zikatoka ndani zikaja katikati ya barabara. Watoto wakapata pa kukimbia, wapiga muziki wakapata pa kusimama, na wachoma nyama wakapata wateja ambao hawana pa kukimbilia.

Kinacholiwa hapa kinajulikana. Kuna mishikaki ya mbuzi, ambayo hapa huitwa burusheti. Kuna zingalo, utumbo wa mbuzi uliozungushwa kwenye kijiti ukachomwa mpaka ukalia. Kuna mizuzu, ndizi mbivu za kukaanga, na kuna viazi. Kuna samaki mzima wa kuchoma, anayeletwa kwenye sinia na kuliwa kwa mikono na watu wanne ambao dakika tano zilizopita walisema hawana njaa. Na asiyetaka bia ana ikivuguto, maziwa ya mgando, kinywaji chenye heshima katika nchi ambayo mahari, urafiki na shukrani vilipimwa kwa ng'ombe.

Kanuni iliyoanza Septemba 2023 iliweka saa za kufunga: saa saba usiku siku za kazi, saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Wapo walionuna. Mimi nasema mtaa uliozungukwa na nyumba za watu lazima uwaache watu walale, na raha inayojua saa ya kwenda nyumbani ndiyo inayodumu miaka mingi.

Kijembe: anayesema hali zingalo hajaonja iliyochomwa vizuri, au anaficha ya kwake chini ya mzuzu.

8. Stendi inayotazama mashariki

Hatua chache kutoka kwenye mishikaki ipo stendi ya Remera, na hapo ndipo Kigali inapogeuza uso kuelekea Tanzania. Barabara hii inapita Kabuga, Rwamagana na Kayonza, inashuka Ngoma na Kirehe, inafika Rusumo kwenye mto Akagera. Ng'ambo ya daraja ni Tanzania, na ukiendelea karibu kilomita 1,500 kutoka hapa Remera utasikia harufu ya bahari, Dar es Salaam. Saruji, mafuta, mchele, mitumba, sehemu kubwa ya shehena za nchi hii isiyo na pwani inapanda kwa njia hiyo.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kupitia Rusumo, na baadaye akaonana na mfalme Kigeli IV Rwabugiri. Miaka 13 baadaye, 1907, Mjerumani mwingine, Richard Kandt, aliweka makazi juu ya kilima cha Nyarugenge, na hapo Kigali ikaanza kuwa mji. Misafara ya wakati ule ilikuja na wapagazi, askari na wafanyabiashara wa kutoka pwani, na pamoja nao kikaja Kiswahili. Kilikaa miaka mingi kama lugha ya sokoni na ya madereva. Rwanda ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Makondakta wa Remera hawakushtuka: wao walikuwa wamekifanya rasmi siku nyingi.

Kijembe: Nyamirambo, tunajua Kiswahili kilipanga chumba kwenu. Lakini basi la kwenda kwao linaondokea kwetu.

7. Miwa huku, magari kule

Gasabo ina viwanda vya vizazi viwili, na mtu anaweza kuvitembelea vyote kwa siku moja. Upande wa magharibi, Kabuye, kipo kiwanda cha sukari kinachokula miwa ya mabondeni, kwenye tope jeusi la Nyabugogo na Nyabarongo. Tangu 1997 kipo mikononi mwa kampuni ya Madhvani ya Uganda. Mvua ikizidi, mito hupanda mashambani, na bei ya sukari katika chai yako inajua habari hiyo kabla ya redio.

Upande wa mashariki, Masoro katika sekta ya Ndera, ipo kanda maalumu ya uchumi. Volkswagen ilifungua hapo kiwanda cha kuunganisha magari mwaka 2018. Desemba 2023 kampuni ya BioNTech ya Ujerumani ikazindua hapo kituo chake cha kutengenezea chanjo, ambacho mitambo yake ilisafirishwa ikiwa ndani ya makontena. Kati ya Kabuye na Masoro zinapita pikipiki za umeme, nyingi kila mwaka unaopita, kwa sababu tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi isipokuwa ya umeme. Motari mwenye pikipiki hiyo hasimami tena kituo cha mafuta. Anabadilisha betri, anaendelea.

Hili napenda vijana walione. Wilaya hii inaweka muwa na chanjo kwenye hesabu moja ya maendeleo, na mkono unaokata muwa unastahili heshima sawa na mkono uliovaa glovu.

Kijembe: pikipiki ya umeme haina kelele, kwa hiyo sasa kelele zote za barabarani ni za abiria.

6. Gasabo yenye jembe begani

Wengi wakisikia "wilaya ya mjini" wanawaza vioo na lifti. Waende Rutunga. Waende Gikomero, Bumbogo, Nduba, Jali. Huko ndiko sehemu kubwa ya ardhi ya Gasabo ilipo, na huko ni migomba, maharage, mihogo, viazi vitamu, mtama, na ng'ombe mmoja aliyefungwa kwenye kivuli akipelekewa majani. Miteremko imekatwa matuta ili mvua isiondoke na shamba. Mwisho wa mwezi, Jumamosi ya umuganda, watu wanatoka na majembe kuchimba mitaro na kuzibua njia, kisha wanakaa kuzungumza mambo ya kijiji chao.

Kiungo cha sehemu hizi mbili ni soko la Kimironko, karibu kabisa na Gisimenti. Alfajiri ndizi zinapanda mlima zikiwa juu ya baiskeli, na mwendeshaji anaisukuma kwa sababu hakuna paja linaloweza kazi hiyo. Ndani ya soko utakuta isombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa tayari, parachichi kubwa kupita kiasi, na mafundi cherehani wanaoigeuza jozi ya kitenge kuwa gauni kabla ya jua kutua. Mzuzu uliokula kwenye namba 9 ulipita hapa.

Na ganda lake linarudi kijijini. Dampo la jiji liko Nduba, ndani ya Gasabo. Hili nalisema kwa uzito: kinachotupwa Gisimenti kinakwenda kulala jirani na shamba la mtu. Tangu 2008 Rwanda imekataza mifuko ya plastiki, nalo ni jambo la kujivunia, lakini kujivunia kwa haki ni kupunguza pia kile kinachopelekwa Nduba kila siku. Wanaotulisha wasiwe wale wale wanaobeba uchafu wetu peke yao.

Kijembe: ukitajiwa bei Kimironko na ukalipa bila kuomba kupunguziwa, muuzaji atakuombea afya njema na akili.

5. Mvua ya Gisimenti ina safari ndefu kuliko yako

Kigali iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, juu ya vilima vyenye mabonde yaliyojaa majani marefu na maji. Bonde letu la karibu ni Nyandungu, chini kabisa tunakopakana na Ndera. Lilikuwa limechoka: limelimwa, limechimbwa, limefugiwa, limetupiwa kila kitu. Likafanyiwa kazi kwa miaka kadhaa, na mwaka 2022 likafunguliwa kuwa bustani ya asili ya zaidi ya hekta 120, yenye mabwawa, njia za baiskeli, miti ya kienyeji na shamba la mimea ya dawa. Ndege wamerudi bila kuitwa. Mwaka huo huo Kigali ikaingizwa kwenye orodha ya miji inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar kwa kutunza ardhioevu zake.

Bonde hili linafanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Mvua kubwa ya Aprili ikishuka kutoka kwenye mabati ya Remera, Nyandungu inaipokea, inaipunguza kasi, inaichuja, halafu inaiachia polepole. Maji ya Kigali yote huishia Nyabarongo. Nyabarongo huingia Akagera. Akagera hupita maporomoko ya Rusumo, ambako mtambo wa megawati 80 unagawa umeme kwa Rwanda, Burundi na Tanzania, kisha mto huo huo, mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria, humwaga maji yake ziwani. Kutoka hapo ni Nile, Sudan, Misri, Mediterania. Mwaka 2006 wasafiri waliopanda Nile kwa mashua walidai kuwa chanzo chake cha mbali zaidi kiko msitu wa Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, kwenye vijito vya mfumo huu huu wa Nyabarongo.

Kwa hiyo tone lililoangukia meza yako linapita Rusumo, mahali pale pale linapopita basi la namba 8, ila lenyewe halikatiwi tiketi na mpakani halipangi foleni.

Kijembe: wakati mwingine ukiwa unalalamika mvua imekuharibia jioni, kumbuka kuna mkulima wa Misri anaisubiri.

4. Ukumbi uliojengwa kwa miezi sita ukaita dunia

Agosti 2019 ilifunguliwa hapa Remera Kigali Arena, yenye nafasi ya watu 10,000, iliyojengwa kwa takriban miezi sita tu. Tangu 2022 inaitwa BK Arena. Mei 2021 ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika, BAL, ilizaliwa ndani yake, na Zamalek ya Misri ikawa bingwa wa kwanza. Machi 2023 FIFA ilifanyia hapo mkutano wake mkuu.

Kisha ikaja Septemba 2025. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza tangu yaanze, na mji uliochaguliwa ni huu. Mbio za kushindana na saa zilianzia BK Arena na kumalizikia Kituo cha Mikutano cha Kigali, lile jengo la kuba lililozinduliwa 2016. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda za wanaume. Siku ya mwisho, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio kubwa baada ya kupanda na kushuka vilima vyetu kilomita 267.5, akirudia mara nyingi mwinuko wa uwanja wa gofu na mawe ya Kimihurura. Mabingwa wa dunia waliokuwa wamezoea milima ya Alps walifika kwenye mawe yale midomo wazi.

Watu wa Gasabo walisimama kando ya barabara wakipiga makofi, na wengi wao walikuwa wanakijua kilima kile vizuri, kwa sababu wanakipanda na mkungu wa ndizi.

Kijembe: Pogačar ni bingwa, hatubishi. Aje siku moja alfajiri, tumpe mikungu minne apeleke Kimironko.

3. Amahoro: uwanja ulioficha watu kabla ya kushangilia mabao

Uwanja wa Amahoro ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1986. Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, maelfu ya watu walikimbilia ndani yake. Makao ya jeshi la Umoja wa Mataifa, UNAMIR, yalikuwa jirani, kwenye Hoteli Amahoro, na uwanja ulikuwa chini ya ulinzi wake. Watu wapatao 12,000 walibanana humo, bila maji ya kutosha wala chakula, na mizinga iliwafikia hata ndani. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kukipunguza kikosi kile kubaki watu 270. Naibu kamanda, Jenerali Henry Kwami Anyidoho wa Ghana, hakukubali kuondoka. Alibaki Kigali na mamia ya askari wake Waghana. Wapo watu wazima leo wenye watoto na wajukuu kwa sababu ya uamuzi ule.

Miaka tisa baadaye, Julai 2003, Ghana ilirudi kwenye nyasi zile zile, safari hii na timu ya mpira. Jimmy Gatete akafunga, Rwanda ikashinda 1–0, na kwa mara ya kwanza Amavubi, timu yetu ya taifa, wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, lile la 2004 nchini Tunisia. Nchi iliyotulinda ndiyo tuliyoifunga, na naamini hakuna Mghana mwenye moyo aliyeona tumekosa adabu. Februari 2016 Kongo nao wakajaza uwanja huo: waliifunga Mali 3–0 katika fainali ya CHAN, na usiku ule Gisimenti ilizungumza Kilingala mpaka asubuhi.

Tarehe 1 Julai 2024, baada ya ujenzi mpya, uwanja ulifunguliwa tena ukiwa na viti vipatavyo 45,000 na paa. Nenda kwenye mechi, piga kelele zako zote. Kabla ya kuingia, simama nje dakika moja uwakumbuke waliolala humo mwaka 1994 wakisubiri kupambazuke.

2. Lando na Agathe, majirani

Hapa hakuna kijembe.

Landoald Ndasingwa, ambaye watu walimwita Lando, alifungua hoteli yake Remera miaka ya 1980 pamoja na mkewe Hélène Pinsky, Mkanada. Ikawa mahali pa kula, kucheza muziki na kubishana siasa bila woga. Lando mwenyewe akaingia kwenye siasa: alikuwa makamu mwenyekiti wa chama cha PL na waziri wa kazi na masuala ya jamii. Tarehe 7 Aprili 1994 aliuawa pamoja na Hélène, watoto wao wawili na mama yake.

Waziri mkuu wa serikali ile alikuwa Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyeshika wadhifa huo Julai 1993, mwanamke wa kwanza kuushika nchini Rwanda. Naye aliuawa siku ile ile, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa. Amezikwa hapa hapa Remera, kwenye Igicumbi cy'Intwari, makaburi ya mashujaa wa taifa, karibu na uwanja wa Amahoro. Yupo pia Fred Gisa Rwigema, aliyekuwa kijana katika vita vya kumng'oa Idi Amin mwaka 1979, akaja kuliongoza jeshi la RPF lililoingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990, akafa siku ya pili yake. Na yupo Askari Asiyejulikana, anayewasimamia wote walioanguka bila kaburi lenye jina. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, taifa huja Remera kuweka maua.

Hoteli ya Lando haikufa. Dada yake, Anne-Marie Kantengwa, aliinyanyua kutoka kwenye magofu, na mpaka leo watu wanakula samaki na mishikaki kwa Lando. Tunapolitaja jina hilo kwa motari tunataja familia iliyouawa na dada aliyekataa jina lao lifutike. Kila anayekula Gisimenti anapaswa kulijua hilo, na kumfundisha mgeni aliyekuja naye.

1. Kilima kilichoipa wilaya jina, na nchi chanzo

Namba moja haiko Gisimenti. Iko kaskazini mashariki, sekta ya Rutunga, juu ya Ziwa Muhazi, lile ziwa refu jembamba lililojaza bonde lililozama. Hapo kipo kilima cha Gasabo. Mapokeo yanasema ufalme wa Rwanda ulianzia hapo, ukiwa mdogo wa kuzungukwa kwa miguu, chini ya ukoo wa Abanyiginya. Kutoka kilima hicho wafalme waliongeza bonde baada ya bonde, kizazi baada ya kizazi, mpaka nchi ikafika kwenye volkano za Virunga na Ziwa Kivu. Ndiyo maana Wanyarwanda wanaposifu nchi yao bado husema "Rwanda ya Gasabo". Mageuzi ya 2006 yalipoigawa nchi upya katika wilaya 30, jina hilo kongwe likarudi kazini.

Simulizi ya kilima hiki ninayoipenda kuliko zote ni ya Robwa. Alikuwa dada wa mfalme Ruganzu Bwimba. Upande wa mashariki ulikuwapo ufalme wa Gisaka, wenye nguvu, na mfalme wake Kimenyi alimtaka Robwa awe mke wake. Waaguzi walionya kwamba mtoto atakayezaliwa na wawili hao ataimeza Rwanda na kuitia ndani ya Gisaka. Ndoa ikafungwa. Ikahitajika mtu wa kuitolea nchi damu yake. Mjomba aliyeteuliwa akakataa, na mfalme mwenyewe akaenda, akafa Gisaka. Robwa aliposikia, akiwa mjamzito, alijirusha juu ya Rukurura, ngoma ya kifalme ya Gisaka, akafa yeye na mimba yake. Rwanda ndogo ya Gasabo ikabaki huru, na Rugwe, mtoto wa Bwimba, akarithi ngoma ya baba yake.

Basi la mashariki la kwenda Rusumo linaikata nchi ile ya zamani ya Gisaka, Ngoma na Kirehe za leo. Abiria wengi wanaipita wamelala. Mimi nashika dirisha, kwa sababu mwanamke mmoja aliamua hapo kama kutakuwa na Rwanda au hakutakuwa.

Kijembe, na hiki ni cha watani wa Nyamirambo: mna msikiti mzuri, mna chai nzuri, mna mpira wa mtaani usio na mpinzani. Sisi tuna ufalme.

Kazi ya nyumbani

Orodha hii ni ya kubishaniwa. Atakayesema soko la Kimironko lilistahili namba 3, alete hoja. Atakayesema nimeionea Gisozi kwa kuiacha nje, ana haki: makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, yanahitaji siku nzima ya kwao, peke yao, bila orodha. Vivyo hivyo jengo la Bunge la Kimihurura, ambalo askari 600 wa RPF waliingia Desemba 1993 kwa mujibu wa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha, na ambalo kuta zake bado zina matundu ya risasi.

Ninachoomba ni kidogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukiisha na watu wakikaa chini kuzungumza, kabla ya ajenda ya mitaro na taa za barabarani, mzee mmoja apewe dakika kumi aeleze kilima kile ni cha nani, kilikuwa na nini, na jina lake lilitoka wapi. Kijana mwenye simu arekodi. Sekta 15 za Gasabo zikifanya hivyo mwaka mmoja tu, shule zetu zitakuwa na kitabu cha historia ambacho hakuna mtu wa nje angeweza kuziandikia. Mishikaki tutakula baadaye, na mzee huyo alipiwe sahani yake.